Urefu wa Hans

Kaloleni, Arusha
14 Februari 1993

Dada Magdalena,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto huko Nachingwea. Kama mvua zimekata barabara, basi itakukuta siku itakapokukuta. Sisi huku tupo. Baba mdogo Aminieli anakusalimu. Mguu unamsumbua lakini mdomo wake hauna tatizo lolote. Nyumbani majirani wanang'oa kahawa wapande nyanya, na ya kwetu haina wa kuipalilia.

Kiwanda kimefungwa moja kwa moja. Tulipewa barua mwezi wa kumi na moja, mafundi wote wa karakana, hata wale wazee waliofunga mashine ya kwanza. Tunaambiwa atakuja mwekezaji. Mpaka sasa waliokuja ni mbuzi, wanakula majani pale getini. Usinionee huruma, nimepata kibarua, ila ukisikia ni cha nini utacheka.

Kuna Mholanzi mmoja mstaafu anakaa Moshono, anaitwa Bwana Piet. Huyu mzee ana askari wa kuchezea wa madini ya risasi, wadogo kama kiungo cha kidole, mamia kwa mamia, na Jumamosi wenzake wanakuja wanawapanga juu ya meza kubwa, wanarusha dadu, wanapigana vita. Watu wazima, dada, wana mvi! Sasa ugonjwa wake ni kwamba hao askari wametengenezwa vibaya. Vichwa vikubwa kama vya watoto wachanga, viganja kama mikate, miguu mifupi, bunduki nene kama michi. Anataka wawe kama watu. Basi kazi yangu ni kumkata kila mmoja miguu kwa msumeno wa sonara, kumtoboa, kumwingizia waya wa shaba, kumrefusha, kuziba kwa gundi, halafu nachukua tupa nampunguza kichwa mpaka kinakaa sawa. Amenifundisha kanuni: mtu mzima ni vichwa vyake saba na nusu. Tangu siku hiyo siwezi kumtazama mtu bila kumhesabu. Hata kanisani.

Nimekuchekesha ili nipate nguvu ya kukuandikia lililonifanya nikae chini. Mama ni mgonjwa. Lile tumbo. Daktari alinivuta pembeni akaniambia tumrudishe nyumbani, na wewe ni muuguzi, unaelewa maana ya maneno hayo kuliko mimi. Mama naye ameelewa. Wiki iliyopita alituita, mimi na Baba mdogo, akasema amekubali kaka Hans azikwe.

Miaka kumi na minne, dada! Tangu ile barua iliyosema haonekani, hajataka kusikia neno hilo. Sasa amesema mwenyewe, hataki kulala pale mgombani peke yake. Baba mdogo ameshaeleza namna ukoo wetu unavyofanya kwa mtu aliyepotelea mbali: unakatwa mgomba urefu wake kamili, unafungwa kwenye blanketi yake, unalazwa. Mama ameweka sharti moja tu, uwe urefu wa Hans kweli, ataukagua kwa macho yake kabla ya kufukiwa. "Nikimwona nitamjua," kasema. Yeye mwenyewe hasemi alikuwa mrefu kiasi gani. Mama hampimi mtoto aliyemzaa, mwiko, maana anayepimwa kwa kamba ni maiti.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu alipoondoka kwenda vitani. Namkumbuka mrefu, anajaza mlango. Lakini mtoto wa miaka kumi na tatu anajua nini? Wewe ndiye mkubwa wetu. Niambie, Hans alikuwa na urefu gani?

Mdogo wako,
Sadoki


Nachingwea
9 Machi 1993

Mdogo wangu Sadoki,

Marahaba. Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata jana, imelowa, lakini inasomeka. Shemeji yako amehamishiwa ghalani, na watoto wamepona surua wote. Korosho zimeoza kwa mvua na watu wana njaa, ndiyo habari ya huku.

Nimelia sana juu ya Mama. Sikiliza, usimpe chakula kizito. Uji mwepesi, mara nyingi, kidogo kidogo. Loshoro asipewe hata akiomba, maziwa mgando yatamuumiza. Akilala mgeuzeni kila baada ya saa chache asipate vidonda mgongoni, na pale panapokuwa pekundu msipasugue. Hizi dawa nilizofunga kwenye kitambaa ni za maumivu. Nusu kidonge, akizidiwa tu.

Kazi yako ya askari imenishangaza. Angalia macho yako, usifanye kwa koroboi. Na hiyo risasi ni sumu, Sadoki, unawe mikono kabla ya kula. Vumbi lake usilivute.

Kuhusu Hans, nashukuru Mungu kwamba Mama amekubali. Alikuwa kijana mwema. Unakumbuka alivyokuwa akiimba besi na sauti yenyewe haijavunjika vizuri? Mwalimu wa kwaya alikuwa anamwacha tu. Kila mtu alimpenda.

Likizo yangu ni mwezi wa nane. Nitaomba ije mapema lakini sina uhakika. Msalimie Mama, mwambie namwombea.

Dada yako,
Magdalena


Kaloleni
2 Aprili 1993

Dada,

Shikamoo. Dawa zimefika, zimemsaidia, asante. Uji anakunywa. Loshoro anaiomba kila siku na kila siku ananiita mchoyo. Nalala huko nyumbani Ijumaa mpaka Jumapili, siku nyingine mke wa Baba mdogo anakaa naye.

Umeniandikia mambo mengi mazuri, sijui mgongo, sijui surua. Nilikuuliza jambo moja na hilo hukulijibu. Nimerudia barua yako mara mbili nikidhani kuna karatasi imedondoka.

Tumehangaika huku, dada. Nguo zake Mama aligawa siku zile zile za kwanza alipoondoka, kabla hajaanza kumsubiri. Kitanda chake kilichomwa kuni. Picha ni ile moja, amekaa kwenye kigoda uani, na mtu aliyekaa hana urefu. Nimeuliza wenzake wa kwaya. Mmoja anasema Hans alikuwa kama mimi, na mimi nina futi tano na inchi tisa. Mwingine anasema alinizidi hata mimi. Kila mwaka unaopita wanamwongezea. Wamemfanya kama askari wa Bwana Piet, wamemkuza kile walichokipenda na kingine wamekiacha.

Sasa kuna karatasi. Baba mdogo ametoa kwenye sanduku lake la bati cheti cha kuandikishwa jeshini, kililetwa pamoja na ile barua ya kutoonekana. Kimeandikwa jina, kata, dini, urefu: futi tano na inchi nne. Kina mhuri. Baba mdogo anasema basi, kazi imekwisha, serikali imempima.

Lakini mimi nakumbuka siku ile uwanjani, wanapimwa afya. Wewe ulikuwepo, na gauni lako jeupe la uanafunzi, umesimama kwenye ule ubao wa kupimia. Nilijivuna sana, niliwaonyesha wenzangu yule ni dada yangu. Kwa hiyo ni wewe uliyempima, au siyo? Niambie tu, ni tano na nne? Nataka kusikia kwako.

Sadoki


Nachingwea
28 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Pasaka yetu ilikuwa ya mvua tupu. Mtoto wangu wa pili amebarikiwa kipaimara, amevaa viatu vya mitumba vizuri kuliko vya dukani. Nimefurahi Mama anakunywa uji. Kama miguu imeanza kuvimba nijulishe.

Siku ile walipita vijana wengi, Sadoki. Zaidi ya sitini. Mimi nilikuwa mwanafunzi, naambiwa andika naandika. Ni zamani mno. Kama karatasi ya serikali imesema, mimi ni nani wa kuongeza? Msibishane na Baba mdogo, ndiye mkubwa wa boma. Fanyeni haraka Mama apumzike. Hayo mambo ya inchi hayamsaidii marehemu.

Likizo wamekataa. Nawaombea.

Magdalena


Kaloleni
20 Mei 1993

Dada,

Shikamoo. Sina salamu nyingi leo. Miguu ya Mama imevimba. Umeshajua hiyo ni nini.

Nimefanya kitu. Ile picha ya kigoda niliichukua kwa Bwana Piet nikaiweka chini ya lenzi yake. Kigoda chenyewe bado kipo, Mama anakiwekea ndoo. Nimekipima kwa kalipa, kile kipimio cha mafundi, miguu mpaka kikalio, nikapima kigoda cha kwenye picha, nikapata picha imempunguza Hans mara ngapi. Halafu nikapima kichwa chake, kutoka kidevu mpaka utosini. Nikapima goti mpaka kisigino, na kiuno mpaka bega. Nimefanya hesabu hiyo siku nne. Bwana Piet amerudia yeye mwenyewe, na ni mtu asiyependa kukosea. Kwa vichwa saba na nusu, kwa goti, kwa bega, kila nikienda narudi pale pale. Futi tano na inchi moja.

Inchi tatu, Magdalena. Mimi nikikosea inchi tatu sistahili kushika tupa.

Nilimwambia Baba mdogo. Akaniuliza kama ninataka kumzika mwana wa kaka yake kwa kipimo cha mwanasesere wa Mzungu na kuacha mhuri wa serikali. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, ningefanya nini? Mchungaji amesema atasali ndani ya nyumba, mgomba uani atatuachia wenyewe. Mama kalala tu anatusikiliza tunavyobishana juu ya mwanawe kama tunanunua mbao. Aliniuliza baadaye kama umeandika.

Unajua kitu na hukisemi. Mimi ni mdogo wako na sina haki ya kukusemesha hivi, lakini nakusemesha. Yeye anakufa. Tano na nne, au tano na moja? Andika namba tu, usiandike kingine, hata salamu usiandike.

Sadoki


Kaloleni
11 Juni 1993

Dada,

Shikamoo. Mpaka leo kimya. Baba mdogo amepanga ni Jumamosi tarehe 26, kwa karatasi ya serikali. Kama una neno lilete kwa simu ya upepo ya misheni, au mpe dereva yeyote anayekuja Arusha. Mama hasimami tena bila kushikwa.

Sadoki


Nachingwea
14 Juni 1993

Mdogo wangu mpendwa Sadoki,

Barua hii niliiandika tarehe tatu, mpaka leo ilikuwa kwenye mkoba wangu wa kazini. Nimeichana, naiandika tena. Nimekosa hata namna ya kukusalimu.

Futi tano na inchi moja. Hesabu yako ni sawa.

Siku ile afande aliyekuwa anaandikisha alisema hataki mtu chini ya futi tano na inchi nne. Wafupi walikuwa wanarudishwa, na watu waliozunguka uwanja walikuwa wanawazomea. Hans alikuwa kwenye mstari na wenzake wote wa kwaya. Alipofika kwenye ubao alininong'oneza, "Dada, usiniaibishe." Hicho tu. Alikuwa amejinyoosha mpaka shingo inatetemeka. Nilimwekea kijiti kichwani nikaona tano na moja. Nilimtazama, akanitazama. Nikasema kwa sauti, "Tano na nne." Yule karani akaandika. Hans akacheka, akaruka kutoka pale ubaoni, akaenda kwa wenzake.

Ningesema ukweli angezomewa jioni moja, akanuna wiki moja. Sasa hivi angekuwa na miaka thelathini na minne, na watoto, na kahawa ya kupalilia. Nilidhani nampenda kwa kumfichia aibu. Wote wale wa kwaya walirudi, Sadoki. Aliyepita kwa mkono wangu ndiye peke yake hakurudi. Niliomba kazi huku mbali kwa sababu kila nikimkuta Mama mlangoni anatazama barabara, nilikuwa nashindwa kupita.

Likizo hawakuninyima. Sikuiomba. Nisamehe na hilo.

Mkate mgomba futi tano na inchi moja. Mama usimwambie kwa nini. Au mwambie. Sijui. Nimechoka kubeba kitu hiki na najua nakutwisha wewe, na wewe una mgonjwa. Fanya unavyoona.

Dada yako,
Magdalena


Kaloleni
19 Julai 1993

Dada Magdalena,

Shikamoo. Simu ya upepo ilikwambia kwamba Mama ametutoka tarehe 9, sidhani kama ilikwambia zaidi. Barua yako ilifika tarehe 15. Nimeisoma peke yangu. Baba mdogo hajaiona na mimi sitamwonyesha.

Nitakueleza yote, kwa sababu nimechoka na kufichana.

Tarehe 26 ulikatwa mgomba wa mshare, futi tano na inchi nne. Niliupima mimi, mimi ndiye fundi. Tuliufunga kwenye blanketi yake ya kijivu. Mama akasema anyanyuliwe. Tulidhani ataugusa tu pale ulipolazwa, lakini akataka usimamishwe. Vijana wawili wakausimamisha, na Mama akashikwa huku na huku akasimama kando yake. Ulimpita. Akapeleka kiganja kutoka utosini mwake mpaka kwenye ule mgomba, polepole, kikafika chini ya ncha. "Mimi na Hans tulikuwa tunatazamana macho kwa macho," akasema. Baba mdogo akamwambia kwa upole kabisa, "Shemeji, ni uzee, umefupika." Watu wakaitikia. Mama akanigeukia mimi. "Sadoki, wewe unajua kupima. Huyu ni Hans?"

Dada, nilikuwa na ile karatasi ya hesabu mfukoni. Watu wa ukoo wote walikuwepo, wamekuja na sukari na maharage, shimo limechimbwa, mzee ameshika cheti mkononi. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Ni yeye."

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akasema, "Huyu ni mtoto wa mwanamke mwingine. Fukieni, asinyeshewe. Wangu bado yuko njiani." Akaomba arudishwe ndani.

Basi tulifukia. Shimo haliachwi wazi. Na Mama akaanza upya kumsubiri, vile vile kama mwaka ule wa kwanza, mlango usifungwe kwa komeo, chakula kibakishwe. Wiki mbili alizobaki nazo alizitumia hivyo. Maumivu yalikuwa makali na nusu kidonge haikutosha, nikampa kizima, nikampa viwili. Hakulalamika, alikuwa anauliza tu nani amepita barabarani.

Unasema ni mkono wako uliompeleka. Nimejaribu kukuchukia siku nne na nimeona sina nguvu hiyo. Wewe ulisema tano na nne mbele ya watu kwa kuogopa aibu yake, na mimi nikasema tano na nne mbele ya watu kwa kuogopa aibu yangu. Tofauti yetu ni miaka kumi na minne tu. Wewe ulikuwa msichana.

Kwa Bwana Piet sijarudi. Ameleta salamu za pole na boksi jingine la askari, liko hapa chini ya kitanda, sijalifungua.

Kuna kitu kimoja nilikifanya, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia. Siku ile ya mwisho, mchana, Mama alikuwa ameamka, macho yake ni meupe, hayaoni vizuri, ameyaelekeza mlangoni. Midomo inatamka jina la Hans. Nilikuwa natoka kisimani. Nikaweka ndoo chini. Nikavua viatu, nikasimama pale mlangoni, jua nyuma yangu, nikakunja magoti kidogo kidogo mpaka kichwa changu kikafika pale ninapojua, futi tano na inchi moja, sizidishi wala sipunguzi. Hicho ndicho ninachokiweza duniani. Nikasema, "Mama, nimerudi."

Alinitazama muda mrefu. Mapaja yalikuwa yanatetemeka, lakini sikusogea. Nilimwona anatabasamu, nikasema ahsante Mungu.

Akasema, "Sadoki, simama vizuri, mwanangu. Utaumia mgongo."

Hakusema tena neno lingine.

Mdogo wako,
Sadoki